Msikate picha ya Khajuraho, onyesheni ukuta mzima

Ndugu Mhariri,

Wiki mbili zilizopita ukurasa wenu wa barua ulitoa maoni ya msomaji mmoja, na pembeni yake mkaweka picha ya sanamu za mawe: mwanamume kichwa chini miguu juu, mwanamke juu yake, na wanawake wengine wawili wamesimama kushoto na kulia wakiwashikilia. Msomaji huyo aliandika kwamba hilo ni hekalu la Wahindu, kwamba watu wa dini hiyo wanaabudu uchi, na kwamba mahekalu yaliyopo hapa nchini nayo yachunguzwe. Tangu siku hiyo picha ile inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp hapa Tanga. Binti wa kaka yangu alinitumia akiniuliza, "Shangazi, si huko ndiko ulikofika wewe?"

Ndiko. Naomba nafasi nieleze nilichokiona, maana yaliyoandikwa si kweli, na uongo huu una majirani zetu ndani yake.

Mimi ni Mwislamu, na siandiki ili kumvuta mtu kwenye ibada isiyo yake. Naandika kwa sababu ya kazi. Utumishi wangu wote nilikuwa mchora ramani za majengo, enzi za meza ya mteremko na kalamu ya wino, kabla kompyuta haijaingia ofisini. Nimezoea kulisoma jengo kwa kuuliza kila kitu kimewekwa wapi. Swali hilo ndilo ambalo picha yenu imelikata na kulitupa.

Nilifika Khajuraho kwa sababu ya maradhi ya dada yangu. Tulikuwa Delhi kwa matibabu, daktari akatupa mapumziko kabla ya awamu ya pili, shemeji akabaki na mgonjwa, nami nikapanda treni ya usiku. Ni mji mdogo katika jimbo la Madhya Pradesh, katikati ya India, mbali kabisa na bahari. Wafalme wa ukoo wa Chandela walijenga hapo mahekalu mengi katika karne ya 10 na ya 11. Inasimuliwa kwamba yalifika 85. Yaliyobaki leo ni ishirini na kitu, na UNESCO iliyaingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1986. Mengine ni ya mungu Shiva, mengine ya mungu Vishnu, na upande wa mashariki yapo ya Wajaini, watu wa dini nyingine ya India, ambao si Wahindu lakini walijengewa na mafundi wa mtindo ule ule.

Hekalu la kwenye picha yenu ni Kandariya Mahadeva, la Shiva, kubwa kuliko yote pale. Lilijengwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 11. Mnara wake unakwenda juu karibu mita 31, na umezungukwa na vinara vidogo 84 vinavyoupandia, kiasi kwamba ukiwa mbali unaona mlima. Ndivyo walivyokusudia, maana Shiva makao yake ni mlima Kailasa. Katika karne ya 19 mtaalamu wa mambo ya kale, Alexander Cunningham, alizihesabu sanamu za hekalu hilo moja: nje alipata 646, ndani 226. Jumla 872. Wanaozijua sanamu za Khajuraho hukadiria kwamba zenye mambo ya kitandani hazifiki hata moja kwa kila kumi.

Basi zilizobaki ni nini? Ni miungu na wake zao, walinzi wa pande nane za dunia, wapiga ngoma na filimbi, wapanda tembo, simba wa kubuni wenye pembe, na wanawake. Wanawake kila mahali! Kwenye hekalu la Parshvanatha, ambalo ni la Wajaini, yupo anayejipaka wanja, na yupo anayetoa mwiba mguuni. Huyu wa mwiba nilisimama mbele yake mpaka mlinzi akaanza kunitazama. Amekunja goti, ameushika mguu kwa mkono, na mwili wote umepinda. Fundi ameufuata mpindo ule kwa patasi mpaka kwenye mikunjo midogo ya kiuno, na shanga zimeanguka upande ambao zingeanguka kweli mtu akiinama namna ile. Jiwe lenyewe ni jiwe la mchanga, lina rangi ya ngozi iliyopigwa na jua la asubuhi. Mahekalu karibu yote yamejengwa kwa jiwe hilo bila chokaa wala udongo wa kushikizia. Mawe yamechongwa ulimi na tundu, yakapandishwa, yakashikamana kwa uzito wake yenyewe. Yamesimama miaka elfu.

Sasa tuje kwenye picha yenu. Ramani ya hekalu lile imenyooka mstari mmoja, kutoka mashariki kwenda magharibi. Unapanda ngazi nyingi, kwa sababu jengo zima limeketi juu ya jukwaa refu la mawe. Unapita chini ya tao lililochongwa na vinywa vya mamba. Unaingia baraza, kisha ukumbi, kisha ukumbi mkubwa wenye madirisha ya varanda pande mbili, kisha njia fupi nyembamba, kisha chumba cha mwisho. Kila hatua sakafu inapanda kidogo na mwanga unapungua. Chumba cha mwisho kinaitwa garbhagriha, yaani nyumba ya mimba. Ni cheusi. Kina lingamu katikati, yaani nguzo fupi ya jiwe iliyo alama ya Shiva, na kuta zake hazina hata kinyago kimoja cha aina ile mnayoilalamikia. Mtu aliyetoka huko nje kwenye jua na wale wote 646 anafika mahali pasipo na cha kutazama.

Ukizunguka nje, utaona ukumbi mkubwa ni kiwiliwili kimoja na mnara wa chumba cha mungu ni kiwiliwili kingine. Kati yao pana ukuta mwembamba unaoviunganisha, upande wa kusini na upande wa kaskazini. Sanamu kubwa za watu wanaojamiiana zimepangwa pale, moja juu ya nyingine, katika safu tatu. Ni pale kwenye kiungo, tena nje. Picha yenu imetoka kwenye ukuta huo.

Hili si jambo nililolibuni. Devangana Desai, mwanahistoria wa sanaa wa Mumbai aliyetumia miaka mingi ya uhai wake kuzisoma sanamu hizi, ameonyesha kwamba katika mahekalu makubwa ya pale, la Lakshmana, la Vishvanatha na hili la Kandariya, makundi makubwa ya namna hiyo yako kwenye kuta za kiungo. Ukumbi ni mahali pa watu, chumba ni mahali pa mungu. Pale mahali hapo pawili panapokutana, fundi akachonga miili inayokutana. Mchora ramani yeyote ataelewa na jambo la pili, kwamba kiungo ndipo jengo linapotaabika. Mnara una uzito wake na ukumbi una uzito wake, ardhi inakaa chini ya kila kimoja kwa namna yake, na ufa ukija huanzia pale. Watu wa zamani walipaogopa mahali hapo na wakataka pawe na kinga. Na katika imani yao, mume na mke pamoja ni kinga, ni baraka, ni mvua na mavuno na watoto. Varahamihira, mwanazuoni wa karne ya 6, tayari alikuwa ameandika kwamba mlango wa hekalu upambwe kwa ndege wa heri, vyungu vilivyojaa, majani yanayotambaa na jozi za mume na mke. Hata mapango ya Karla, karibu na Mumbai, ambayo ni ya watawa wa Kibudha na ni ya zamani kuliko Khajuraho kwa karne nyingi, yana jozi kubwa za mume na mke zimechongwa mlangoni. Watawa! Waliapa kuishi bila ndoa, na wakapita mbele ya jozi hizo kila siku kwenda kusali.

Ndugu yangu aliyeandika barua anaishi Pwani kama mimi, kwa hiyo naomba anisikilize hapa. Mimi nilichezwa. Somo yangu, Mungu amrehemu, alitufundisha ndani ya chumba yale ambayo mama mzazi hawezi kumtamkia bintiye. Zilikuwapo nyimbo, ilikuwapo michezo ya kiuno, yalikuwapo mafumbo. Wazigua na Wasambaa wa mkoa huu walitumia hata vinyago vya udongo kufundishia. Wimbo wa unyago ukiuimba sokoni ni tusi, na wazee watakutoza faini. Ndani ya unyago ni elimu, na anayeuimba anaheshimiwa. Maneno ni yale yale. Mtu akija na simu, akarekodi ubeti mmoja dirishani, akausambaza na kuandika kwamba wanawake wa Pwani ni wahuni, tutasema ametudhulumu, na tutakuwa na haki. Kwa nini basi sisi tumfanyie hivyo hivyo fundi wa Khajuraho?

Wahindu wa zamani walitaja makusudi manne ya maisha ya binadamu: kutimiza wajibu, kutafuta mali, kufurahia mapenzi, na mwishowe kufunguliwa kutoka katika minyororo ya dunia. La tatu, ambalo kwa lugha yao huitwa "kāma", halikuwa aibu. Lilikuwa na mahali pake, na mahali pake hapakuwa pa mwisho. Hekalu lile ni mafundisho hayo yamejengwa kwa mawe: mapenzi yapo ukutani, lakini njia inaendelea kupita.

Wapo wanaoeleza vingine, na kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Mwongoza watalii mmoja alituambia kwamba sanamu zile ziliwekwa kuwafundisha wanakijiji namna ya kupata watoto. Hilo silikubali hata kidogo. Mtu aliyesimama kwa kichwa huku akishikiliwa na wanawake wawili hamfundishi mkulima kitu chochote, na wakulima wa India walikuwa wakipata watoto kabla ya Chandela kuwapo. Wengine husema ni mtihani: mwenye kushikwa na tamaa nje hastahili kuingia ndani. Maelezo haya yanapendeza, nayo yanalingana na ramani, ila yananusa kuhubiriwa baadaye. Wapo pia wanaosoma katika kundi lile la kichwa chini umbo la mistari ya siri ya wafuasi wa Tantra, njia ya ibada za siri, waliouona muungano wa Shiva na Shakti, yaani nguvu ya kike ya uungu, kuwa ndio asili ya kila kilichopo. Ukitazama jinsi miili minne ile ilivyopangwa, mmoja wima kinyumenyume na wawili pembeni wakiwa sawasawa kama milango miwili, unaona kwamba fundi alianza na rula kabla ya kuanza na mwili. Hapa jicho langu la kazi linawaunga mkono.

Na kuna kejeli pia. Baadhi ya vinyago vidogo vinawaonyesha watawa walionyoa vichwa au wenye ndevu wakifanya wasiyopaswa kufanya. Katika karne hiyo hiyo ya 11, kwenye ikulu ya mfalme Kirtivarman wa Chandela, uliigizwa mchezo wa kuwakejeli watawa wanafiki wa madhehebu mbalimbali. Watu wa mji ule walijua kucheka walaghai wa dini, na walicheka hadharani, kwenye ukuta wa nyumba ya ibada. Kwenye jukwaa la hekalu la Lakshmana, lililokamilika mwaka 954 hivi, kuna mkanda mrefu wa vinyago vidogo: majeshi yanaandamana, tembo, farasi, wapiga baragumu, na katikati ya safari ya jeshi askari wanafanya machafu yanayotia haya kuyataja. Mkanda huo uko chini, kwenye jukwaa, nao unaonyesha dunia ilivyo.

Sitaki msomaji adhani hoja yangu ya kiungo inafungua kila mlango. Konark, jimbo la Odisha, inaikataa. Hekalu hilo la mungu Jua lilijengwa na mfalme Narasimhadeva wa Kwanza katikati ya karne ya 13, kwa umbo la gari kubwa lenye magurudumu 24 ya mawe na farasi saba. Kule jozi za mapenzi zimetapakaa kila upande, mpaka kwenye vipande vya duara vilivyo katika njiti za magurudumu. Konark sijafika, nimeisoma tu kwenye vitabu na michoro, na naona kwamba pale jua lenyewe, linalootesha na kuzalisha, ndilo sababu ya kutosha. Kila jengo lisomwe kwa ramani yake.

Yule ndugu aliandika pia kwamba Mwislamu hawezi kupita mahali kama pale bila kulaani. Ibn Battuta, msafiri Mwislamu kutoka Morocco, ambaye alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 na kuwasifu watu wetu kwa dini na uchaji wao, baadaye alikuwa kadhi Delhi. Katika habari za safari zake ameitaja Khajuraho. Alitaja ziwa lake kubwa, mahekalu yaliyo pembeni, na sanamu ambazo Waislamu walikuwa wamezivunjavunja. Kisha akaeleza kuhusu mayogi, yaani Wahindu wa kujinyima dunia, wanaoishi pale, nywele zao ndefu zimesokotana, ngozi zao zimegeuka njano kwa kufunga na kujinyima, na akasema Waislamu wengi wanawafuata ili kujifunza kwao. Alipotoa habari za mji ule kwa wasomaji wake, alichagua kusimulia njaa ya wale waliokaa pale kutafuta Mungu kwa njia yao.

Waliozikasirikia zaidi walikuwa Waingereza. Kapteni T. S. Burt alipelekwa pale na wabeba machela wake mwaka 1838, akaandika kwamba fundi alizidisha joto kuliko ilivyolazimu. Cunningham, yule yule aliyehesabu kwa uangalifu mkubwa, aliziita chafu. Mtazamo huo ndio uliosafiri kwa meli na vitabu vya shule, na nadhani ndugu yetu ameurithi bila kujua anatumia miwani ya nani.

Kuhusu mahekalu ya huku kwetu. Wahindu wengi wa Afrika Mashariki wana asili ya Gujarat, magharibi mwa India, pamoja na eneo lake la Kutch. Gujarat nako kuna hekalu la Jua la Modhera, la mwaka 1026 hivi, lenye vinyago vichache vya namna hii. Lakini waliokuja kwa majahazi na baadaye kwa meli walikuja na mambo ya karne yao. Wafuasi wa Swaminarayan, kwa mfano, ni madhehebu yaliyoanza Gujarat mwanzoni mwa karne ya 19, na ni wakali wa maadili kiasi kwamba wanaume na wanawake huketi mbalimbali hekaluni. Hekalu lao la Nairobi lilifunguliwa mwaka 1999, mawe yake yamechongwa India na kuletwa huku. Nenda ukatazame: miungu, tausi, tembo, maua. Kutaka majirani hawa wachunguzwe na serikali kwa sababu ya ukuta wa karne ya 11 ulio ng'ambo ya bahari ni kuwaonea. Wana maduka mtaani kwetu, wanafanya misiba na harusi zao mbele ya macho yetu, na watoto wao wamesoma na wetu. Niliona aibu kukutana na mama mmoja wa Kihindu dukani siku ile gazeti lilipotoka, na yeye alikuwa amelifunika chini ya kaunta asinitie aibu mimi.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Mkichapisha tena picha ya Khajuraho, msichukue iliyokatwa ya mtandaoni. Tafuteni iliyopigwa kutoka kusini, kwa mbali, ionyeshe jukwaa, ukumbi, mnara na ule ukuta mwembamba katikati. Chini yake andikeni: Hekalu la Kandariya Mahadeva, Khajuraho, India, karne ya 11. Na kama nafasi ipo, wekeni pembeni ramani ya sakafu. Ninayo niliyoichora mwenyewe kwa penseli, kwa vipimo vya hatua zangu, na niko tayari kuileta ofisini kwenu bila malipo.

Msomaji wenu,
Mchora ramani mstaafu,
Chumbageni, Tanga